Injini isiyochaji simu

Mjomba alifika saa kumi na moja jioni, kitochi chake mkononi, waya wa chaji umekunjwa na kufungwa kwa rababendi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne asubuhi. Alivua ndala, akakaa kwenye mkeka barazani, akaninyooshea simu kama mtu anayemkabidhi fundi cherehani suruali ya kupunguza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nichajie na ile injini yako. Hata vijiti viwili vinanitosha."

Nikaipokea. Nikaingia ndani, nikasimama jikoni mbele ya kidude nilichokihangaikia miezi minne: makopo mawili yaliyobebana, kipande cha puto, spoku ya baiskeli na sidii tatu zilizogandishwa kwa gundi. Nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.

Injini ile haichaji simu. Haijawahi, wala haitakuja kuchaji.

Na aliyemwambia mzee wa miaka sabini na sita kwamba itachaji ni mimi.

Nikafungua kabati, nikatoa pawabenki, nikachomeka kitochi. Baada ya nusu saa nikatoka nacho barazani kikiwa na vijiti viwili. Mjomba akakigeuza huku na huku, akakiwasha, akanitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo tangu nimalize shule.

"Kumbe una akili," akasema.

Wiki tano nzima maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ilivyoanza

Ilianza Idi pili. Nyumba imejaa watu, watoto wamemaliza pilau, mmoja wao akaivumbua injini juu ya friji akataka aione inavyozunguka. Nikawasha mshumaa. Baada ya dakika mbili nikaigusa sidii kwa kidole, ikashika. Chak, chak, chak. Watoto wakapiga kelele, shemeji akatoa simu arekodi.

Mjomba, aliyekuwa kimya pembeni na kikombe chake cha kahawa, akauliza swali moja tu.

"Inafanya kazi gani?"

Sebule ikanyamaza. Mke wangu akanitazama, na yule amewahi kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba afadhali ningekuwa nacheza bao, maana bao halijazi makopo chini ya kitanda. Nikajiona mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, nimeshika kopo la maziwa linalozunguka, na jibu sina.

"Ikikamilika itachaji simu," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema "niko njiani" naye bado yuko bafuni.

Ndani hamna kitu

Wengi wenu mmeshaziona injini hizi za Stirling kwenye video, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza jinsi nilivyonasa. Aliyeibuni ni Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti. Alipata hataza yake, yaani hati ya umiliki wa ubunifu, mwaka 1816, na miaka miwili baadaye injini yake moja ikawa inavuta maji kwenye machimbo ya mawe. Haina petroli ndani, haina mvuke. Ndani kuna hewa, hewa ileile miaka nenda miaka rudi, inayopata moto ikatanuka, ikapoa ikasinyaa.

Ugumu uko katika kuihamisha hewa hiyo.

Kwenye yangu kazi hiyo inafanywa na bonge la stilwaya ya kusugulia sufuria, nililolikaza kama kitumbua na kulining'iniza ndani ya kopo. Stilwaya hiyo haisukumi chochote. Ikipanda, hewa inashuka chini kwenye mshumaa. Ikishuka, hewa inakimbilia juu kwenye kitambaa kibichi. Chini inatanuka, puto linavimba. Juu inasinyaa, puto linanywea. Puto ndilo linalozungusha spoku, na spoku ndiyo inayopandisha na kushusha stilwaya. Sharti stilwaya itangulie puto kwa robo mzunguko. Ukikosea hapo, utakuwa na kopo la moto tu.

Kopo la kwanza lilivuja. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo nikaona vipovu vikichemka pale waya unapopenya mfuniko. Waya wenyewe ni uzi mmoja nilioutoa kwenye kebo ya breki ya baiskeli, na tundu lake nilitengeneza kwa ncha ya shaba ya kalamu ya wino. Nikalikaza tundu. Uvujaji ukaisha, na mwendo ukaisha pia, maana waya ulibanwa. Nikalilegeza, ukarudi kuvuja. Wiki tatu nilikuwa baina ya kuvuja na kubana, nikisugua kwa msasa laini kabisa, nafuta, najaribu, nasugua tena.

Kopo la pili halikuvuja, ila stilwaya ilikuwa inagusa ukuta. Ukiweka sikio unaisikia: krrr, krrr, kama panya ndani ya gunia. Kwa injini ya gari msuguano kama huo si kitu. Hii inasukumwa na pumzi ya hewa tu, kwa hiyo mguso wa unywele unaizima.

La tatu likazunguka. Ilikuwa saa saba usiku, wote wamelala. Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama mpaka mshumaa ukaisha, nikawasha mwingine.

Hapo sikuwaza kuchaji simu ya mtu.

Kiganja cha Tanga

Kidogo niseme hili, kwa sababu kuna mtu alinirushia video akaniuliza kwa nini yangu inataka mshumaa ilhali za wenzetu zinazunguka zikiwekwa kiganjani.

Ni kweli, zinazunguka. Ivo Kolin wa Zagreb ndiye aliyeonyesha watu miaka ya themanini kwamba injini ya aina hii inaweza kwenda kwa maji ya moto tu, na James Senft wa Marekani akaendelea kupunguza mpaka akapata moja inayozunguka kwa tofauti ya nusu nyuzi ya joto. Neno la kushika hapo ni tofauti. Injini hailishwi joto peke yake, inalishwa pengo kati ya pande mbili. Anayerekodi video yake Ulaya mwezi wa kwanza ana kiganja cha nyuzi 33 na chumba cha nyuzi 18. Mimi hapa Makorora, Tanga, mwezi wa pili, kiganja changu na hewa ni mtu na ndugu yake.

Kwa hiyo mshumaa chini, kitambaa kibichi juu. Na kitambaa chenyewe kinataka kuloweshwa kila baada ya dakika kumi.

Hesabu niliyoiogopa

Mimi ni mhasibu. Nilijua toka mwanzo kwamba hesabu ingenikataa, ndiyo maana sikuipiga mpaka baada ya ule usiku wa pawabenki.

Nilifunga uzi kwenye spoku, upande wa pili nikaning'iniza nati. Jirani yetu ni sonara. Mizani yake ikasema nati ina gramu 10. Injini iliipandisha sentimita 50 kwa sekunde 10, kwa kujikongoja, ikakaribia kuzima mara mbili.

Hiyo ni wati 0.005.

Betri ya kitochi cha Mjomba imeandikwa volti 3.7 na miliampea-saa 1,000, yaani wati-saa 3.7. Gawanya. Unapata saa 740. Siku 31 karibu kamili, usiku na mchana, mtu amekaa hapo anawasha mishumaa na kulowesha kitambaa. Mshumaa mmoja wa dukani kwangu unakwenda saa tano, kwa hiyo mishumaa 148. Na hapo nimejifanya kwamba dinamo haili kitu njiani, jambo ambalo si kweli.

Joto la mshumaa ni makumi kadhaa ya wati. Katika kila sehemu elfu kumi za joto ninazoichomea, injini yangu inanirudishia kama moja.

Nikajaribu kujitetea. Labda ningeiboresha. Lakini udogo wenyewe ni adui. Chukua uji wa sufuria moja, mwaga kidogo kwenye kikombe: cha kikombe kinapoa wewe bado unatafuta kijiko. Ukipunguza injini ukubwa kwa nusu, nafasi ya ndani inabaki moja ya nane, lakini kuta zinazopoteza joto zinabaki robo. Kadiri unavyokwenda udogoni ndivyo kuta zinavyoila injini. Hata ndugu wawili Stirling walivyojaribu upande wa pili, injini kubwa ya kiwandani huko Dundee mwaka 1843, sehemu ya silinda inayokaa motoni iliungua mara kwa mara, na mwaka 1847 wakarudisha mvuke. Ndogo inakosa nguvu, kubwa inaunguza chuma chake.

Kwa hiyo nilikuwa nimemwahidi mzee kitu ambacho hata mwenye hataza asingekiweza.

Bao halichaji kitu

Lakini kilichonikera zaidi wiki zile hakikuwa hesabu. Nilijiuliza kwa nini nilidanganya.

Barazani kwa muuza kahawa kuna wazee wanacheza bao tangu nikiwa mtoto. Sijasikia mtu akiwauliza zile kete zinafanya kazi gani. Kuna jirani anafuga njiwa, hawauzi, hawali, kila jioni anawarusha na kuwaita. Hakuna aliyemtaka ajieleze. Kwa nini mimi wa kopo nitakiwe jibu, na kwa nini nilikuwa tayari kulitunga?

Nadhani ni chuma. Huku kwetu injini haikuja kama mchezo. Ilikuja kama garimoshi, kama korona za kuchambua mkonge, kama mashine za kusaga. Kila injini ilikuwa na mwenyewe, na kila mtu aliyesimama karibu nayo alikuwa kazini au alikuwa anaambiwa asogee. Huko Uingereza kuna jarida la watu wanaotengeneza injini ndogo, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Hapa, miaka hiyo, watu walikuwa wanabeba mataruma ya reli mabegani.

Nimeziona kwenye video injini zao, ile Stuart 10V kwa mfano, ya mvuke, silinda yenye upana wa milimita 19. Mtu anaagiza vyuma vibichi vilivyosubiwa, anakereza na kutoboa jioni baada ya kazi, mwaka unakwisha. Ikikamilika anaizungusha kwa hewa ya pampu mbele ya wenzake, halafu inaingia kwenye kabati la kioo. Nilikuwa nikiwaonea wivu mashine zao za kukereza. Siku hizi nawaonea wivu jambo jingine: sijaona hata mmoja akisema itachaji simu.

Mjomba alikuwa mwangalizi wa mashine ya kusaga Muheza kwa miaka ishirini na saba. Lister ya silinda moja, nguvu farasi sita, ile ya mizunguko 650 kwa dakika yenye magurudumu mawili mazito ubavuni. Aliiwasha kila asubuhi kwa mkono: unainua kale kawenzo ka kuachia pumzi, unazungusha hendeli mpaka magurudumu yachangamke, unakaangusha, inakohoa, inashika. Anaweza kukuigizia sauti yake kwa mdomo. Lakini spana zilikaa kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao tajiri. Injini ikitaka kufunguliwa, anatoka fundi Tanga mjini, na Mjomba anatumwa kununua soda.

Miaka ishirini na saba. Hili alinisimulia mwenyewe zamani, kama kichekesho, na mimi nikacheka.

Makorora, baada ya Alasiri

Nilimkuta kwake, anakunywa kahawa na kashata. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, yakabaki mlangoni.

"Mjomba, ile siku sikuchaji simu yako na injini. Nilichaji na pawabenki. Injini haiwezi."

Akakaa kimya. Akaweka kikombe chini.

"Na mimi nimeshawaambia watu kule kwenye kahawa."

"Nimesikia."

"Nimewaambia na bei."

Hilo sikulijua. Kumbe alishanadi kwamba mpwa wake atawatengenezea kwa elfu ishirini ishirini, na wawili walikuwa wamekubali. Mmoja alitaka yenye taa.

Sikucheka. Yeye pia hakucheka. Alinisema, na alinisema vizuri, kuhusu mtu mzima kumfanya mtu mzima mwenzake aonekane mwongo mbele ya watu aliokua nao. Niliinamisha kichwa mpaka akamaliza. Kisha akauliza tena, swali lilelile la Idi.

"Sasa inafanya kazi gani?"

"Inazunguka."

"Inazunguka tu?"

"Inazunguka tu."

Akamaliza kahawa. "Kailete."

Mkaa na nta

Nilipoiweka mbele yake alitaka kwanza niifungue. Nikatoa mfuniko. Akachungulia, akaingiza kidole, akaigusa ile stilwaya.

"Na kingine?"

"Basi. Hewa."

"Yaani ndani hamna kitu?"

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi, akarudia peke yake: hamna kitu, hamna kitu.

Nikafunga. Hakutaka niwashe. Alizungusha sidii kwa ncha ya kidole, akaiacha isimame yenyewe. Akaweka alama kwa kipande cha mkaa upande wa chini. Akazungusha tena, nguvu tofauti. Alama ikasimama chini. Akazungusha kinyume. Chini.

"Unaona? Inasimama palepale. Mzigo uko upande huu. Kila ikizunguka inabeba mtu mgongoni."

Miezi minne nilikuwa nimeitazama injini ile kuliko nilivyotazama televisheni, na sikuwahi kuona.

Akakwangua nta ya mshumaa, akaifinyanga kwa vidole mpaka ikawa kama punje ya mbaazi, akaibandika mkabala na alama. Akazungusha. Akapunguza kidogo kwa ukucha. Akazungusha. Mara ya tano au ya sita sidii ikasimama mahali pasipo na maana yoyote, alama iko juu kushoto. Mara nyingine kulia. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akaugusa waya unaopenya mfuniko, akanusa kidole. "Umetia oili."

"Ndiyo, ili iteleze."

"Lister inataka oili. Hii oili inaishika miguu." Akaagiza kitambaa kikavu na penseli ya mjukuu wake. Tulifuta waya mpaka ukawa mkavu kabisa, akausugua kwa risasi ya penseli juu chini, juu chini, mpaka ukang'aa kijivu.

Tukawasha mshumaa.

Zamani ilikuwa inakwenda mizunguko tisini kwa dakika. Nilihesabu kwa kutazama saa: nusu dakika, mizunguko 71. Na nati ya gramu 10 haikujikongoja tena. Wati bado ni za kuchekesha. Siku za kuchaji kitochi zimepungua kutoka 31 hadi, kwa kadirio langu, kama ishirini hivi.

Kwa muuza kahawa

Jioni ile ile Mjomba aliibeba mwenyewe mpaka barazani. Mimi nilifuata nyuma na kitambaa kibichi kwenye mfuko wa plastiki mgumu, najua kinachonisubiri.

Muuza kahawa akasogeza dele, akatupisha pembeni mwa jiko la mkaa. Ikashika.

"Ndiyo hiyo ya kuchaji?" akauliza yule wa taa.

"Haichaji," Mjomba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bao. "Nilidanganywa. Na aliyenidanganya ni huyu hapa."

Nilichekwa kama sijawahi kuchekwa tangu jandoni. Wakanipa na jina, ambalo sitaliandika hapa. Kisha mmoja akasema itazima kabla ya adhana ya Magharibi, mwingine akabisha, wakaanza kubishana kuhusu mkaa, kuhusu upepo, kuhusu kama muuza kahawa anaruhusiwa kuchochea. Bao likasimama. Mjomba alikaa karibu nayo kuliko wote, sikio limeinama, anaongoza kitambaa kiloweshwe wakati gani.

Ilizima dakika chache kabla ya adhana. Puto lilipasuka. Joto la mkaa si la mshumaa, na mpira wa maputo haya ya sherehe ni mwembamba.

Mjomba amenunua chaja ya sola, elfu kumi na tano, Ngamiani sokoni. Juzi alinipigia kwa simu iliyojaa vijiti vyote akasema muuza kahawa anauliza kile kidude kinarudi lini. Nimemwambia Ijumaa. Nimepata glavu za mpira kwa jirani anayefanya kazi maabara. Mpira wake ni mzito kidogo kuliko wa puto, lakini unavumilia. Vidole ni vyembamba mno. Nimekata sehemu ya kiganja.